Wachanaji wa Kitani Wamfuata Tajiri Mkutanoni

Alick Duthie alikuwa mchanaji wa kitani pale Dundee. Alishika fungu la nyuzi, akalipiga kwenye chanuo la misumari lililokazwa mezani, akavuta mpaka taka zidondoke na vumbi limjae kifuani. Kwa Kiingereza kazi hiyo huitwa "heckle", na mjini kwao neno hilohilo walilitumia kwa kumchoma msemaji kwa maswali mpaka atoke jasho. Waliomjua Duthie hawakuona tofauti.

Kiwandani, mmoja alisoma gazeti kwa sauti, wenzake wakamchania fungu lake. Msomaji wao alikuwa Mzee Mudie, kwa kuwa vumbi lilishammaliza mapafu na kuchana hawezi tena. Akisoma sentensi moja, walimbishia tatu.

"Waziri asema njaa imepungua."

"Kapima tumbo la nani?"

"Msinikatize, wanangu, mimi msomaji tu."

Siku moja tajiri wao, Bwana Rattray, akaingia bila hodi, akamkuta Mudie na gazeti mkononi. "Nalipia kitani, silipii hadithi," akasema, akamfukuza palepale. Fungu la Mudie lilikuwa limeshachanwa, limelala mezani laini kama nywele za bibi harusi. Rattray hakulitupia hata jicho.

Duthie akavimba kwa hasira. Bahati nzuri Rattray alikuwa anagombea udiwani, na mgombea lazima ahutubie. Wachanaji hawakuwa na haki ya kura, lakini hakuna aliyewazuia mlangoni. Wakajaa nyuma ya ukumbi.

"Mimi," Rattray alianza, "ni rafiki wa uhuru wa magazeti."

"Na la Mzee Mudie?" Duthie akauliza.

"Swali lisubiri."

"Lisubiri wapi, bwana? Mwenye gazeti umeshamtoa nje."

"Alikuwa hafanyi kazi."

"Fungu lake lilichanwa, halikuchanwa?"

"Mlichana nyinyi."

"Sasa wewe ulipungukiwa nini?"

Wapiga kura wakaanza kucheka, na hao ndio Rattray aliowaogopa.

"Jibu, tajiri, huku nyuma kuna baridi," mchanaji mmoja akadakia.

"Mwache ameze mate kwanza," mwingine akasema.

Rattray akayameza. "Arudi."

"Lini?"

"Kesho."

"Na gazeti?"

Tajiri akautazama ukumbi, uso mwekundu. "Na gazeti."

Ukumbi mzima ukampigia makofi kwa moyo wake mwema. Duthie hakupiga. Alitoka na hasira kubwa kuliko aliyoingia nayo: kumbe jibu hilo mtu yule alikuwa nalo mdomoni tangu siku ya kwanza.