Viatu Chini ya Kitanda

Tangu vyama vya siasa vianze kugombana, kila baada ya sala ya alasiri mwalimu wa falsafa aliteremka ngazi za nyumba yake ya mtaa wa Malindi, akaviokota viatu vya wanafunzi wake kwa mikono yake mwenyewe. Kazija, mkubwa wa wanafunzi hao, aliona haya hata kutazama, maana desturi ni mwanafunzi kumbebea mwalimu makubadhi. Lakini mjini watu walikuwa wakisusiana hata maziko, na wapita njia walivikagua viatu vya mlangoni wapate kujua nani anakaa na nani. Basi mzee wa watu alivipandisha vyote, vya wafuasi wa chama hiki na wa kile, na vyake humohumo, akavisukuma chini ya kitanda. Ndipo akapakata udi wake, akazikaza nyuzi mmoja mmoja, akauliza kwa sauti yake ya chini, "Haya, hoja ya jana ilikuwa na kasoro gani?"

Siku moja hakuwahi kuuliza. Hodi ilipigwa chini, na Kazija akamwona mwalimu akiuweka udi kando.

"Uko na nani, Mwalimu?" sauti ya mwanamme iliuliza.

"Niko peke yangu," akajibu, yeye aliyewafundisha kwamba uongo huangushwa na kasoro moja tu.

Halafu ile sauti ikasema, taratibu, "Basi mbona hata viatu vyako havipo mlangoni?"