Tofali Juu ya Meza ya Komite

Hebu fikirini meza safi, muhuri katikati, na mbele yake mama mjane amesimama na tofali lililolowa mkononi. Niliyaona hayo Jumatatu katika ofisi ya komite ya wenye nyumba wa mtaa wetu, hapa Kindu.

Mfereji wetu umeziba tangu mvua zianze, na maji yanapita chini ya nyumba ya mama huyo. Komite imekataza mtu yeyote kuugusa kabla haijaja kuukagua. Haijaja.

“Andika barua, mama,” katibu alisema bila kuinua macho.

“Papa, niliandika tatu.”

“Basi ngoja. Komite iko na mupango wake.”

“Na mvua, iko na mupango wa nani?” Akaliweka tofali juu ya karatasi zake. “Hii njo barua ya nne. Imetoka ku ukuta ya chumba yangu.”

Katibu alitafuta kitambaa, akaanza kufuta matope.

Wakati wa vita, treni ilipoacha kufika na hata chumvi ikawa shida, hatukuwa na komite wala muhuri. Kila Jumamosi tulitoka na majembe kwa salongo, ile kazi ya mtaa mzima, tukazibua mfereji huohuo kwa pamoja huku tukisikiliza risasi upande wa mto. Hakuna ukuta ulioanguka kwa maji.

Jumamosi hii nitatoka na jembe langu, waruhusu wasiruhusu. Nanyi majirani, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: nyumba ya mtu inabomoka, na katibu wetu aliona meza imechafuka.