Tadeo Tluway na Daftari la Meli

Pale karakana ya shamba la ngano la serikali, kwenye tambarare za Hanang, wote tulimwita Baharia. Wageni walidhani tunamtania, maana Tadeo Tluway alizaliwa Tumati, kule juu Mbulu, ambako mtu anaweza kukua hadi kuoa bila kuona maji yanayomzidi kiuno. Hakukuwa na utani. Tadeo alikuwa amefanya kazi melini miaka minne, na meli hiyo ilizama.

Nilifanya naye kazi stoo moja kwa miaka sita. Ninayoeleza hapa mengi aliniambia mwenyewe, machache nimeyapata kwa mkewe Letisia.

Alipomaliza Jeshi la Kujenga Taifa huko pwani, mwaka 1976, shirika moja la umma lilikuwa linatafuta vijana wa kufanya kazi kwenye meli ya abiria na mizigo iliyokwenda bandari za kusini. Tadeo alikuwa na mwandiko mzuri. Akapewa kazi ya kutunza majaketi ya kuokolea maisha na mashua mbili zilizoning'inia ubavuni mwa meli. Kila mwisho wa mwezi alivikagua vyote, akajaza daftari na kutia saini.

Mwaka uliofuata alikuja likizo, akapita Dongobesh kumchukua rafiki yake wa shule, Hermani Hhando, ili naye akaajiriwe. Mama yake Hermani, Kornelia, alikuwa mjane na huyo ndiye mwanawe wa kiume pekee. Hakutaka. Tadeo alikaa naye mchana kutwa akimsifia mshahara na matibabu ya bure, mwisho akamwambia, "Mama, nitamwangalia mimi." Basi akakubali. Hermani akapewa kazi chini, kwenye injini.

Kufikia mwaka 1980 meli ilikuwa imechakaa. Vita na nchi jirani ilikuwa imekwisha mwaka uliotangulia, fedha za kigeni hakuna, na vipuri vilivyoagizwa havikufika. Siku moja, wakisubiri mzigo bandarini, mabaharia walikaa chumba cha kulia wakabishana tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Kilichowaudhi ni kwamba mashua moja haikuweza kushushwa, kwa sababu roda zake, yaani yale magurudumu ya kupitishia kamba, zilikuwa zimeshikana kwa kutu.

Mkubwa wa mabaharia wa sitaha, mzee mmoja aliyeitwa Isidori, alisema hakuna wa kumlalamikia. "Mwenye meli ni serikali," alisema. "Anayekagua meli ni serikali. Sasa huyu atamshitaki nani, mwenzake wa ofisi ya pili?"

Mpishi alisema suala hilo lipelekwe kwenye tawi la Chama, kwa kuwa Chama ndicho kinachoisimamia serikali. Mwingine akamkumbusha kwamba katibu wa tawi ni huyo huyo aliyewahi kuwahutubia kwamba meli kusimama ni hujuma. Wengine walimtupia nahodha lawama zote, kwamba wakishang'oa nanga yeye ndiye serikali yao. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumlaumu, na wote, kwa kadiri Tadeo alivyoona, walikuwa na haki kidogo.

Hermani hakuchangia. Alimaliza chakula, akamgeukia Tadeo na kumsemesha kwa Kiiraqw ili wenzao wasielewe. "Daftari unajaza wewe," alimwambia. "Andika ulichokiona, basi. Wao waendelee kubishana."

Mwezi ule Tadeo alikuwa amehesabu majaketi mia moja na arobaini. Zaidi ya nusu yalikuwa yameoza mishono, mikanda yake ikikatika kwa kuvutwa kidogo tu. Akaandika hivyo kwa penseli, kisha akampelekea nahodha. Nahodha hakuwa mtu mkali. Alimkaribisha aketi, akamweleza kwamba majaketi mapya yameagizwa, na kwamba daftari likisomeka vile meli itasimamishwa. Watu wa kusini watakosa unga na dawa, na atakayeulizwa ni aliyeandika. Akamwomba aandike kama mwezi uliopita.

Tadeo alifuta penseli, akaandika kwa kalamu kwamba vifaa vyote ni vizima, akatia saini. Aliniambia kwamba wakati ule hakuhisi anafanya uovu. Alihisi ni mambo ya ofisi tu.

Wiki tatu baadaye, alasiri, meli iliingiwa na maji ikiwa bado mbali na bandari. Upepo ulikuwa mkali lakini si wa kutisha. Pampu zilizidiwa, meli ikalala upande. Mashua moja ilishuka. Ya pili ilikataa, watu wakaning'inia kwenye kamba zake bure. Hermani alipanda kutoka injini akiwa amelowa mafuta mwili mzima, akachukua jaketi kutoka kwenye sanduku. Tadeo alimwona akilifunga kifuani. Alimwona pia akiwa majini, jaketi limeshatoka, analishikilia kwa mkono mmoja kama nguo iliyochanika, halafu wimbi likawatenganisha. Watu kumi na wawili walikufa siku ile.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku tatu. Mzee Isidori, ambaye mabaharia wote walimwogopa, alisema kila kitu bila kuficha, lakini hakuwa na karatasi. Karatasi ilikuwa daftari la Tadeo. Wakamwuliza kama saini ni yake. Akasema ni yake. Wakamwuliza kama vifaa vilikuwa vizima. Akasema vilikuwa vizima. Kamati ikaandika kwamba chanzo cha ajali ni hali ya hewa.

Alirudi Mbulu mwaka 1981, na kabla ya kufika kwao Tumati alishuka Dongobesh. Kornelia alikuwa ameshapata taarifa kwa simu ya upepo ya misheni.

"Shikamoo mama," Tadeo alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Ingia." Alimpa kiti na maziwa, akangoja anywe. Kisha akauliza, "Hawakuwa na vitu vya kujishikia majini?"

"Vilikuwepo, mama. Bahari ilikuwa kali."

Kornelia alitikisa kichwa, akasema basi ni mpango wa Mungu.

Mwaka uliofuata Tadeo alipata kazi shambani kwetu. Kila baada ya mavuno alipanda Dongobesh kumwona Kornelia. Alimwezekea nyumba upya, akamlimia mahindi, akamsindikiza hospitali. Mama yule alimpenda, na Letisia anasema mumewe alirudi kutoka kila safari hiyo akiwa hasemi neno siku mbili.

Mavuno ya mwaka 1988 yakaja. Trela la kubebea vibarua lilikuwa na breki mbovu, na msimamizi akamtaka Tadeo aidhinishe karatasi ya ukaguzi. Mvua ilikuwa karibu. Tadeo alikataa. Nilikuwepo, hakupandisha sauti, alisukuma tu karatasi irudi upande wa pili wa meza. Msimamizi akampa mtu mwingine akatia saini, trela likaondoka, likafika salama. Dereva wake, Gidahosh, alirudi akicheka: "Baharia, umeona? Tumefika."

Tadeo akahamishiwa kwenye mizani ya kupimia ngano. Mimi nilimwambia kwamba amefanya vizuri. Akanijibu kwamba hilo lilikuwa la kufanywa mwaka 1980, si leo. Jumapili yake akaenda Dongobesh.

Alimweleza Kornelia yote, tangu penseli hadi kamati. Alitegemea matusi au kilio. Mama yule aliuliza swali moja tu, kama Hermani alijua kwamba majaketi ni mabovu. Tadeo akasema alijua, na kwamba yeye ndiye aliyemwambia aandike kweli.

"Siku ile ungeniambia, ningekufukuza na yangekwisha," Kornelia alisema. "Umeniacha nikupende miaka saba." Baadaye, Tadeo akiwa amesimama kuondoka, akamwambia aiandikie serikali ukweli huo, na jina lake aliweke juu kama mkosaji, si chini kama saini.

Aliandika. Jibu lilikuja mwaka 1991, mistari mitatu: shirika liko katika mabadiliko na jalada la meli hiyo bado linatafutwa. Tadeo alimpelekea Kornelia barua hiyo akamsomea. Mama alikuwa mgonjwa, amelala.

"Wanatafuta nini," aliuliza, "na wewe upo?"

Kornelia alifariki mwezi uliofuata. Tadeo alichimba kaburi pamoja na vijana wa jumuiya. Aliandika barua nyingine mbili. Hazikujibiwa. Mashamba ya ngano yalipoanza kufa, akarudi Tumati kulima maharage na kufuga ng'ombe wake watatu. Nilimtembelea mwaka jana. Aliniuliza kama najua mahali ambapo mafaili ya mashirika yaliyovunjwa yanahifadhiwa. Nilimwambia sijui.