Punje Tatu za Akamwani

Jana mgeni kutoka nyumbani aliniletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, imefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Nilipofungua tu, harufu ile ikanirudisha mlangoni kwa mama mmoja kule kijijini kwetu Ijumbi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baada ya misa katekista aliomba vijana wa kujitolea kuwachotea maji na kuwafulia wagonjwa waliobaki peke yao. Nilinyoosha mkono kwa sababu rafiki yangu alinyoosha.

Nikapelekwa kwa mama huyo, aliyekwisha kuzika mume na watoto wawili. Nilifua mashuka, nikayaanika juu ya mibuni, nikatandika nyasi mbichi sakafuni. Nilipoaga, alinyoosha kiganja chenye punje tatu za akamwani, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote kwetu.

Nilizipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikazitia mfukoni. Siku hizo za mwanzo za UKIMWI tuliogopa hata kikombe cha mgonjwa.

Aliutazama mfuko wangu.

"Mwanangu, kwa mashuka nashukuru," alisema taratibu. "Lakini tangu niugue, hakuna aliyekula kitu kutoka mkononi mwangu."

Nilizitoa, nikazitafuna zote mbele yake. Akajiinua kwa shida, akakaa vizuri kitandani, akaanza kuniuliza habari za wazazi wangu, kama mwenye nyumba.

Jumapili iliyofuata katekista aliuliza tena nani ataenda. Nilinyoosha mkono bila kumtazama rafiki yangu.