Raba Kumi za Gari la Mume Wangu

Mganga hajigangi, na mume wangu, fundi wa magari ya watu, hajitengenezei lake. Miaka sita raba zinazokaa kati ya bodi na chesesi, ile fremu ya chuma ya chini, zimelika, kila shimo chuma kinagonga chuma, naye ananiambia, "Bado linatembea." Hata mlevi hutembea.

Kisha mama yake akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Magari ya majirani ni madogo na mguu haukunjiki. Ni hili letu tu, tukitoa viti, linaloingia godoro. Safari ya kwanza ya hospitali mama mkwe alizimia mara mbili kwa kule kugongwagongwa. Aliporudi akasema, "Humo siingii tena. Niacheni nife kitandani kwangu." Upasuaji ukapangwa leo saa nane mchana. Ukimpita, ni kungoja miezi mitatu, na daktari alishasema hatafika huko.

Basi tangu alfajiri mume wangu yuko chini ya gari. Anainua bodi kwa jeki na kipande cha ubao, anatoa raba iliyosagika, anaingiza mpya. Mimi nampa spana. Tisa ziliingia. Saa tano, bolti ya kumi ikawa inazunguka bure: nati yake ilikuwa imeng'oka ndani ya sakafu kwa kutu. Tukaimwagia mafuta, tukaigonga, tukaitukana. Wapi.

"Baba watoto, twende na hizo tisa," nikamwambia.

"Hii ndiyo inayokaa chini ya nyonga yake," akasema, na sauti ikamkatika. Nilikuwa sijawahi kumwona akililia gari. Nikampa grenda. Akaikata sakafu ya gari lake mwenyewe, akaibana nati kwa koleo, akakaza.

Saa saba tulikuwa barabarani, mama mkwe kwenye godoro baada ya kumwapia kwamba halitagonga, mimi kando yake. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Mume wangu kwenye usukani alikuwa anacheka peke yake.

"Mama, linagonga?"

"Limetulia, mwanangu. Mungu akubarikie mikono."

Kisha mama mkwe akanivuta karibu. "Usimwambie mpaka tufike," akaninong'oneza. "Huu mguu siusikii tangu jana."

Nikaubinya unyayo wake kwa nguvu zangu zote. Hakushtuka. Nikaogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Mbele, mume wangu akapunguza mwendo taratibu kwa ajili ya shimo kubwa, asimuumize.

"Usipunguze," nikamwambia. "Kimbiza."