Kwa Dobi wa Pugu, Ambaye Hatukumuuliza Jina

Dobi wetu wa Pugu amefariki. Jumanne iliyopita, saa nne na kitu asubuhi, nilikuwa Temeke nikizurura kama mlivyonizoea, simu ikaita. Aliyepiga ni kijana wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja kule Pugu, mzaliwa wa Namtumbo, ambaye nitaeleza mbele tulifahamiana vipi. Hakunisalimu, na huyu ni kijana ambaye hata umwamshe usingizini ataanza na shikamoo. “Kaka, dobi ameanguka,” akasema. “Tumemkimbiza zahanati. Wanasema ameshakufa.” Nikamwambia arudie. Akarudia maneno yaleyale. Kisha akauliza: “Jina lake nani? Daktari anataka jina.” Kwa miaka sita nimempelekea mtu huyu mashati yangu, hata nilipohama Pugu niliyabeba kwenye mfuko nikamrudia, na sikuwa na jina la kumpa daktari. Naandika haya siku kadhaa baadaye, na ule mshtuko haujanitoka.

Wasomaji wa upande ule mnamkumbuka. Kibanda cha mabati kandokando ya njia iendayo chuoni, mabeseni matatu, meza iliyotandikwa blanketi la kijivu, na pasi ya mkaa ambayo alikataa katakata kuibadilisha kwa ya umeme. Mrefu, mkavu, mpole wa maneno. Nguo za kila mteja aliziwekea alama ya uzi ndani ya kola: wa kwako mwekundu mishono miwili, wa jirani yako kijani mshono mmoja, na alama zote alizihifadhi kichwani. Tulimwita Dobi. Wanafunzi walimwita Dobi, mama muuza maandazi alimwita Dobi, na yeye aliitika kama mtu aliyepewa jina hilo na wazazi wake.

Sasa niwaambie kuhusu foronya. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kipaimara cha mtoto wa ndugu yangu, nikampelekea shati langu jeupe, la pekee lenye heshima. Nilipokwenda kulichukua akanikabidhi kifurushi cha gazeti. Nikakifungua palepale, ndani nikakuta foronya, imenyooshwa vizuri mno. “Wewe dobi gani usiyejua shati na foronya?” nikamuuliza, na sikuuliza kwa sauti ya chini. Wanafunzi waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akadakia: “Vaa hivyohivyo mzee, toboa tu matundu ya mikono.” Dobi hakucheka wala hakujitetea. “Samahani kaka, nimechanganya. Shati lako liko nyumba ya geti jekundu, chumba cha mwisho kulia. Nenda mwenyewe, usimtume mtu.” Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba uzee umemwingia mapema na kazi imemshinda. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Kwenye chumba cha mwisho kulia nilibisha hodi mpaka vidole vikauma. Mwishowe sauti ikauliza, “Nani?” Nikajibu, “Mwenye shati.” Mlango ukafunguliwa na kijana aliyevaa bukta, macho yamevimba, saa nane ya mchana. Pazia lilikuwa limebanwa kwa pini ili mwanga usipite. Kwenye sufuria kulikuwa na ugali ulioota ukungu. Shati langu lilikuwa kitandani, bado limekunjwa katikati ya mashuka yake, na pembeni ya kitanda begi kubwa lilikuwa limeshafungwa zipu. Nilitaka kuchukua changu niondoke. Lile begi ndilo lililonisimamisha. “Unasafiri?” Akasema anakwenda nyumbani Namtumbo, Jumamosi. “Likizo?” “Hapana.” Mama yake hajui, anadhani anafanya mitihani. Nikamuuliza kuna tatizo gani, akasema: “Jana nimegundua sijaongea na mtu yeyote tangu Jumapili. Nilisema ‘shusha’ kwenye gari, basi.” Ilikuwa Alhamisi. Hakuwa amefukuzwa wala kufeli somo. Alikuja mjini hana anayemjua, akakaa nyuma darasani, siku moja hakwenda na hakuna aliyemuuliza, ya pili hali kadhalika, na kadiri siku zilivyozidi ndivyo alivyoona aibu kurudi.

Kipaimara nilikifikia watu wakiwa wanakata keki, nimevaa fulana, maana shati nililisahau palepale kitandani kwake. Nilikuwa nimemtoa kijana yule nje, tukanywa chai na chapati kwa mama muuza maandazi, nikamsimulia jinsi nilivyoishia kidato cha nne na mitaa yote niliyopanga tangu hapo. Mnajua nikianza kuongea. Chai yake ikapoa, lakini kufika mwisho alishanikatisha mara mbili kubisha, nikajua amerudi duniani. Jumamosi hakusafiri. Wiki iliyofuata Dobi akachanganya tena, suruali ya kijana ikaenda kwa wavulana wawili wa darasa lake, na soksi zao zikaja kwake. Hao ndio anaosoma nao hadi leo.

Ilipita karibu nusu mwaka ndipo nikamtania Dobi kuhusu foronya. Tulikuwa wawili tu, anapuliza mkaa. Akasema bila kuniangalia: “Kaka, miaka yote niko hapa, sijapoteza hata soksi.” Nikadhani ananitania pia. “Yule dogo alikuwa ananiletea mashuka tu,” akaendelea. “Wiki tatu, mashuka na foronya, shati hakuna. Mtu anayefua shuka bila shati, huyo hatoki ndani. Shati la mwenye kuingia darasani mie nalijua, linachafuka hapa kwenye kiwiko.” Nikamuuliza kwa nini asiniambie tu kwamba kuna mtoto wa watu anaumia pale. “Ningekwambia, ungekwenda?” Akapuliza mkaa tena. “Ukimwambia mtu kuna mwenzio yuko mpweke, anasema Mungu amsaidie. Ukimwambia yule ana shati lako, anakwenda mbio.” Nikauliza kwa nini alinichagua mimi. “Wewe unaongea sana. Na mchana huna kazi.” Akaniomba nisiyaandike, kwa kuwa wakijua haitafanya kazi tena. Kazi hiyo haikuwa rahisi kwake. Msichana mmoja alimmwagia beseni la maji ya sabuni kwa sababu ya sketi. Wateja walimhama, wakatangaza kwamba dobi wa pale njiani hana akili. Hakumrudishia mtu hata neno moja.

Nimefikiri sana kwa nini ilibidi mtu afanye hila ili vijana wawili wanaoishi ukuta kwa ukuta waonane. Nilipokuwa kijana Manzese tulikuwa wapangaji wa vyumba tisa, bomba moja, choo kimoja, uwanja mmoja wa kuoshea vyombo. Hukuweza kujificha hata asubuhi moja. Ikifika saa tatu mlango wako haujafunguliwa, mama wa chumba cha pili anagonga kwa mwiko: “We, umekufa au umelewa?” Tulilichukia jambo hilo. Tuliapa kwamba tukipata nafasi tutapanga mahali ambapo hakuna wa kutuuliza. Na nafasi tumeipata. Kuzunguka vyuo vyote vya pembezoni, kuanzia Pugu mpaka Chanika, mashamba ya mihogo yameota vyumba vya wanafunzi, na tangazo getini ni lilelile: chumba self, choo ndani, luku yako ya umeme, hakuna kuingiliana. Kijana wa miaka kumi na tisa anaingia na godoro lake na simu yake, anafunga mlango. Anaweza kukaa wiki mbili humo hakuna atakayejua, na kodi imeshalipwa.

Chuo nacho siwezi kusema hakijafanya kitu. Ipo ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na mama aliyemo ana moyo. Ila ni mmoja, na wale ni wengi. Kijana wa Namtumbo aliniambia aliwahi kufika pale siku zake mbaya. Akakuta foleni ya watu wa mkopo, na dirishani akaulizwa mbele ya foleni nzima: “Shida yako?” Akajibu kwamba amepotea njia, anatafuta maktaba. Tunaweka msaada mahali, tunaandika mlangoni, halafu tunamsubiri aende yule ambaye hata kunyanyuka kitandani kumemshinda. Dobi hakusubiri kufuatwa. Yeye alihesabu mashati, na palipokosekana shati alimtuma mtu.

Basi Jumanne hiyo nilifika saa saba kwenye mochwari ya hospitali, walikompeleka kutoka zahanati. Nje walikuwa wanafunzi kama ishirini, nguo zao zote zimenyooshwa na mkono wa mtu aliyelala ndani. Mhudumu alikuwa na daftari mkononi. “Nani ndugu yake?” Wote tukasema si sisi. “Jina?” Tukasema Dobi. “Haya, angalau dini. Mwislamu au Mkristo?” Msichana mmoja akasema ni Mwislamu, Ramadhani alikuwa hali mchana. Mwenzake akamjibu: “Si hali mchana mwaka mzima? Mie sijawahi kumwona anakula.” Mwingine akasema Ijumaa alikuwa anafungaga kibanda mapema. “Ijumaa nyie wenyewe mnakwenda makwenu, angemfulia nani?” akabisha mwenzake. Mhudumu akafunga daftari taratibu, wala hakutugombeza. “Kama ni Mwislamu, anatakiwa awe kaburini leo au kesho, hakuna kungoja. Kama si Mwislamu, hamna haki ya kumzika Kiislamu. Na asipopatikana ndugu, atakaa hapa mpaka manispaa imzike inavyowazika wasiojulikana.” Asiyejulikana. Mtu ambaye kwa kuangalia kiwiko cha shati alijua nani amekata tamaa.

Kilichotuokoa ni jambo ambalo kila mmoja wetu alikuwa ameliona. Ukimtumia hela ya kufulia kwa simu, lilikuwa linatokea jina la mwanamke. Tulikuwa tunaliona na kubonyeza kuthibitisha, hakuna aliyeuliza huyo mama ni nani. Tulijua pia kwamba jioni hupanda magari ya Chanika. Hayo mawili ndiyo yote tuliyokuwa nayo. Wanafunzi wakagawana wawiliwawili, kila jozi ofisi yake ya serikali ya mtaa kule Chanika, wakitaja lile jina. Mimi nilibaki kwenye benchi la mochwari, ili mhudumu asije akasema tumeondoka. Saa kumi kasoro simu ikaita. Kijana wa Namtumbo alikuwa amempata: dada yake Dobi, muuza mihogo ya kukaanga, ndiye aliyemsajilia laini alipopoteza kitambulisho. Walimkuta anamenya mihogo, wakamwambia hapohapo kwa sababu hawakujua namna nyingine ya kumwambia.

Alifika na bajaji, kanga kichwani, mwembamba kama kaka yake. Neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa innalillahi, na pale nje nikasikia watu wanashusha pumzi, maana swali la mhudumu lilikuwa limejibiwa. Akalitaja jina. Sitaliandika hapa, kwa sababu safu hii haitaji watu, lakini siku ile wote tulilirudia midomoni. Kisha akatuambia kwamba kaka yake alikuwa akilalamika kichwa mwezi mzima, na wiki ya mwisho alikuwa akishika ukuta anapotembea. Tulimpelekea nguo wiki hiyo. Tulisimama mbele yake, tukampa na kupokea, macho yetu yakiwa kwenye mashati. Akatutazama, vijana wengi vile na mzee mmoja wa mdomo, akauliza: “Wanangu, nyie wote mlikuwa mnamjua kaka yangu?” Kijana wa Namtumbo ndiye aliyejibu. “Hapana, mama. Yeye ndiye alikuwa anatujua sie.”

Tulimzika Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, Chanika, Waislamu na Wakristo. Msichana aliyemwaga beseni alikuwepo, amekaa na wanawake.

Ninachowaomba vijana wa vyuo si kikubwa. Kama kuna mtu anayewaangalia, awe mlinzi wa geti, mama wa chakula au mfagiaji wa ukumbi, mjueni jina, mjue anatoka wapi, mjue nani wa kupigiwa akianguka. Na wenye vyuo wakitaka kujua ni nani hasa anayewashikilia watoto wasirudi nyumbani na begi lililofungwa zipu, watoke ofisini wawaulize watu wa namna hiyo, kabla hawajafa. Mimi mwenyewe naishi chumba self, miezi minane sasa, na kwa ukuta wa kushoto kuna mtu ninayemsikia akikohoa. Jana nilikwenda kumbishia hodi. Akafungua mlango nusu, ameshika kitasa. “Kuna nini?” Nikamwambia hakuna kitu, mimi ni jirani yako, nimekuja tujuane majina. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Nilisimama pale mpaka akalitaja, nami nikamtajia langu.