Hedifoni ya Kuchongea Watu

Leo hedifoni imenivunjia heshima hapa Voi, tena mbele ya watu!

Nimeingia dukani kwa Bi Rukia natafuta ya bei nafuu, zile za kufunika sikio lote. Akaniwekea mbili. Moja nyeusi, imevimba kama buti ya askari. Ingine ya plastiki tupu.

Nikamwambia, "Mimi kwa masikio huwezi nidanganya. Kwaya yetu ya Mghange, besi nilikuwa mimi peke yangu. Milima ilikuwa inatetemeka!"

Nikaweka wimbo wetu kwa simu.

Ile ya plastiki, sauti zote zimepondwa pamoja kama kimanga cha muhogo na maharagwe. Tamu sana!

Ile nyeusi, kila mtu anasikika kivyake. Takataka!

Bi Rukia naye akaivaa. Akakunja uso.

"Mzee wangu, huyu wa besi anayekwenda kombo ni nani?"

"Huyo si mimi, ni Mwakio."

"Si umesema besi ulikuwa peke yako?"

Duka zima likacheka.

Nimebeba ya plastiki. Hiyo inajua kuheshimu wazee.

Nyinyi mnaotamba na hizo nyeusi, semeni hapa chini: mmewahi kujisikiza wenyewe?